Tathmini ya Shaba Kichwani: Awamu Iliyofana

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mkoa, ambaye hajafika lakini kiti chake kipo mstari wa mbele tangu saa mbili asubuhi na kinamwakilisha kwa utulivu mkubwa. Waheshimiwa wakuu wa mitaa na wakuu wa avenyu, kila mmoja kwa cheo chake na kwa urefu wa avenyu yake. Mheshimiwa Rais wa Umoja wa Vinyozi wa mtaa wetu wa Shari, Papa Floribert, uliyetulia hapo pembeni na mashine yako ya kunyolea mfukoni. Mama Scholastique, mwuguzi wa dispanseri ya mtaa, ambaye jina lako halimo katika orodha ya waalikwa lakini naona umeshaketi. Waheshimiwa wachimbaji wa dhahabu mliotoka machimboni bila kupitia nyumbani. Waheshimiwa madereva wa pikipiki mnaofuatilia kupitia dirisha huku injini zenu zikiunguruma. Kwaya iliyotuimbia wimbo usiohusiana na shughuli hii lakini uliokuwa mrefu. Na ninyi hasa, ndugu wajitoleaji arobaini wa tathmini, wenye nywele, wenye nywele chache, na wale ambao kwao jambo hilo lilikwisha kuamuliwa zamani: protokole yote imeheshimiwa, na kama kuna mkubwa nimemruka, ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi. Kiti cha mstari wa mbele kinapewa soda.)

Kabla sijaingia katika kiini cha mambo, naomba tuufanyie mazoezi wito wetu, kwa kuwa watakaosoma raporo hii huko juu hupenda kujua kwamba wananchi waliitikia. Mimi nitasema, Shaba yetu. Ninyi mtajibu, Kichwa chetu. Shaba yetu. (Umati: "Kichwa chetu." Vigelegele.) Nimeridhika. Mireille, mwanangu, andika ubaoni: mwitikio wa wananchi, asilimia mia moja. (Mireille, sekretere wa Mratibu, anaandika kwa chaki.)

Ndugu zangu, aliye mbele yenu, kwa wale ambao hawajapata nafasi ya kulisoma bango langu pale mlangoni, ni mimi Anaclet, Mratibu Mkuu, Mwenyekiti wa Komite ya Uendeshaji, Msemaji, na kwa sasa Mtunza Ufunguo, wa Programu ya Kutathmini Peptidi za Shaba za Kupaka kwa Ajili ya Nywele na Ngozi ya Mwanaume wa Ituri, programu ambayo niliifikiria mwenyewe nikiwa katika seminari iliyohusu jambo lingine kabisa, na ambayo tangu siku ile imenisafirisha mara nne, imeninyima usingizi mara mbili, na imenipa heshima ya kusimama hapa leo kufunga rasmi awamu yake ya kwanza, awamu ambayo, nasema bila kujisifu, imefana kupita kiasi kilichoruhusiwa na hadidu za rejea. (Makofi. Sauti kutoka dirishani: "Vua kofia, Papa, tuone faida.")

Nimesikia. Ndugu aliye dirishani anaomba nivue kofia. Ombi hilo ni la kidemokrasia, lakini si la kisayansi. Kichwa cha Mratibu ni kichwa cha rejea. Kimefungwa tangu mwanzo wa tathmini ili kisije kikashawishi matokeo, na kitafunguliwa mbele ya tume. (Kicheko. Mratibu anaishika kofia kwa mkono wa kushoto na kuendelea kuishika.)

Sasa, peptidi ya shaba ni nini? Mtu asije akafikiri ni kipande cha waya. Ni vipande vidogo sana vya protini, vilivyofungwa pamoja na kubebeshwa chembe ya shaba, vikatiwa katika maji ya kupaka yenye rangi ya buluu iliyopoa, na wataalamu wa mbali, ambao nimeyasoma majina yao yote na kuelewa baadhi, wanasema kwamba katika vyombo vyao vya maabara maji hayo yameonekana kuiamsha ngozi, kuitengeneza ilipochoka, na pengine, nasema pengine kwa sababu wao wenyewe wamelisema mara nyingi kuliko mimi, kuusaidia unywele uliolala. Nami nikajiuliza: shaba hiyo inatoka nchi gani? (Umati: "Kwetu.") Inachimbwa na nani? (Umati: "Na siye.") Inakwenda kuota juu ya kichwa cha nani? (Wanaume kadhaa wanajipapasa vichwa.) Hapo ndipo, mabibi na mabwana, programu ilipozaliwa.

Kwa maana mwanaume wa Ituri anateseka kimya kimya. Paji la uso linapanda kama maji ya mto wakati wa mvua. Ndevu zikinyolewa zinageuka na kurudi ndani ya ngozi. Mchimbaji anakaa jua na matope, uso unapasuka; dereva wa lori anakula vumbi kutoka Komanda mpaka hapa, anashuka akiwa na umri wa baba yake. Mwanamke ana vikopo ishirini juu ya meza. Mwanaume ana sabuni moja, nayo ni ile ya kufulia. (Wanaume: makofi marefu. Mama mmoja: "Na hiyo sabuni nani ananunuaka?") Swali limepokelewa.

Tathmini yetu tuliijenga juu ya protokole kali, iliyochapwa katika nakala tatu, ambazo moja ipo. Tulikubaliana kwamba wajitoleaji wangegawanywa katika makundi mawili: Kundi la Kwanza, litakalopaka peptidi asubuhi na jioni kwa majuma kumi na mawili, na Kundi la Pili, linaloitwa Kundi la Kulinganisha, lisilopaka kitu, ili tofauti ionekane. Kwa kuwa vifaa vya kisasa vya kuhesabia nywele bado vimo katika mpango wa muda wa kati, tulitumia kifuniko cha soda: kinawekwa juu ya utosi, kinazungushiwa alama kwa kalamu, na Mireille anahesabu nywele zilizomo ndani ya duara hilo, moja moja, kwa sindano ya kushonea. Mireille, simama wakuone. (Mireille anasimama. Makofi. Mjitoleaji mmoja anajishika utosi.)

Na ili pomade nyingine yoyote isije ikajipatia sifa za peptidi, niliagiza, kwa tangazo lililosainiwa na mimi na kubandikwa kwa Papa Floribert juu ya kioo, kwamba mjitoleaji yeyote asipake kitu chochote kichwani, usoni wala shingoni, iwe mafuta, iwe dawa ya dispanseri, mpaka atakapokabidhiwa chupa yake. Na tangazo hilo, ndugu zangu, liliheshimiwa. Katika nchi ambamo watu wanasema hatuna nidhamu, wanaume arobaini wa Shari walikaa majuma kumi na mawili bila tone. (Makofi machache. Mama Scholastique hapigi makofi.)

Niwape takwimu. Madhara ya peptidi juu ya ngozi za wajitoleaji wetu: sifuri. Mzio: sifuri. Malalamiko kuhusu harufu, rangi, au mto wa kulalia kuchafuka kwa buluu: sifuri, sifuri, sifuri. Ninathubutu kusema hakuna dawa ya kupaka duniani iliyopita juu ya vichwa vya watu arobaini kwa usalama wa namna hii. (Makofi.) Na sasa shikeni viti vyenu. Katika juma la sita, Mireille, kwa macho yake na sindano yake, alishuhudia jambo lililotutia hofu: vichwa kumi na vinane, kwa siku moja, vilikutwa havina hata unywele mmoja ndani ya duara. Komite ilikutana kwa dharura. Niliandika raporo yenye kichwa cha habari kizito. Lakini tulivumilia, tuliendelea kuhesabu, na lo, juma la saba nywele zikachomoza, juma la nane zikazidi, na kufikia juma la kumi na mbili vichwa vyote kumi na vinane vilikuwa vimerudi pale vilipoanza. Ukuaji, ndugu zangu, wa asilimia mia moja. Nimetafuta katika maandiko ya wataalamu, sijaona aliyefika huko. (Minong'ono. Papa Floribert ananyoosha mkono.)

Naona Rais wa Vinyozi anataka kuongeza pongezi. Ongea, Papa.

(Papa Floribert: "Papa Mratibu, ile haikukuwa ugonjwa. Muzee Aimé alikufaka. Batoto yake na bajukuu na babokilo, bakwe yake, bote ni ba hapa hapa Shari. Ni miye nilibanyoa juu ya kilio, bantu kumi na munane, kwa mangaribi moja. Na nywele kisha kilio inarudiaka yenyewe." Kicheko kirefu. Madereva wanapiga honi.)

Nashukuru kwa mchango huo, ambao tutauita kigezo cha kitamaduni. Kwamba familia ya marehemu Muzee Aimé, Mungu amlaze pema, ilinyoa vichwa kwa ajili ya msiba kama desturi yetu inavyotaka, hilo Komite haikulijua, kwa kuwa katika fomu yetu kulikuwa na sanduku la umri, sanduku la kazi na sanduku la aina ya nywele, lakini hakukuwa na sanduku la kilio. Litaongezwa. Hata hivyo nauliza: je, nywele ziliota au hazikuota? (Umati: "Ziliota.") Basi. Sayansi haimuulizi unywele sababu.

Shaba yetu. (Umati: "Kichwa chetu." Sauti zimepungua.)

Naona mkono mwingine nyuma. Kwa desturi hotuba haikatizwi, lakini huyu ni mjitoleaji, na mwaka huu ni mwaka wa ushirikishwaji. Jitambulishe, kijana.

("Nathanaël. Mushiriki numero saba. Minatumikaka kwa dhahabu. Papa, miye sina maneno mingi. Niko na bipele huku nyuma ya shingo, kila mara kisha kunyoa inatoka. Mama Scholastique alinipatia pomade, ikaanza kukauka. Kisha mukabandika lile tangazo, nikaiacha. Majuma kumi na mbili sijapaka kitu. Sasa iko inatoka maji. Siku ya posho, hii Jumamosi, ninaenda Komanda kwa baba ya Chance, muchumba yangu, juu ya kutoa mahari. Mara ya kwanza aliangalia shingo yangu akasema, hatatoa mutoto yake kwa mutu wa ugonjwa wa kuambukiza. Akasema atatupokea mara moja tena tu, hiyo posho. Kwa hiyo ninaomba chupa yangu. Ni hiyo tu." Anaketi.)

Ndugu Nathanaël, umesema vizuri, kwa ufupi ambao mimi mwenyewe nauonea wivu. Umetoka kuonyesha nidhamu ambayo Komite itaitaja katika raporo, ukurasa wa kumi na moja, kwa jina lako lote. Kuhusu chupa, naomba nikuelezee kwa mpangilio, ili usije ukaondoka na hisia badala ya taarifa. Kama nilivyosema, wajitoleaji waligawanywa katika makundi mawili. Wewe uliangukia Kundi la Pili, Kundi la Kulinganisha, ambalo kwa maumbile yake halipati chupa. Si adhabu. Ni cheo. Bila ninyi hakuna tathmini.

("Na Ya Abdoul, mukubwa wangu, huyu tunachimba naye shimo moja?")

Abdoul ni Kundi la Pili.

("Na bale ba kilio?")

Kundi la Pili.

(Sauti kadhaa kwa pamoja: "Na miye?" "Na miye?")

Ndugu zangu, tulieni, ukumbi huu unasikika mpaka barabarani. Nilitegemea kulisema hili mwishoni kwa lugha nzuri zaidi, lakini kwa kuwa wananchi wana kiu ya uwazi, nitalisema sasa. Katika kuzingatia usawa, na ili pasiwe na mtaa utakaosema mtaa mwingine umependelewa, Komite ya Uendeshaji, baada ya mjadala mrefu nilioufanya, iliamua kuanza na Kundi la Pili peke yake. Wote arobaini mko humo. Kundi la Kwanza lipo kikamilifu katika maandishi. Lina jedwali lake, lina rangi yake katika mchoro, halijapata watu. (Mluzi kutoka dirishani. "Kwa hiyo siye tulilinganishwa na nani?") Na Kundi la Kwanza. Nimeshasema lipo katika maandishi.

Mama Scholastique amesimama. Mama, sikukupa nafasi. Mama. Haya, umeshaichukua.

(Mama Scholastique: "Papa Anaclet, nitasema kidogo. Hayo maji ya shaba nimesoma habari yake. Kwa ngozi ya kuzeeka kuna matumaini fulani, kwa nywele waliojaribu ni wachache na majibu ni madogo. Hayo sibishani nayo. Ungeileta tungeijaribu kwa akili. Lakini hata ungeileta, si ya kuweka juu ya kidonda. Huyu mutoto alikuwa anapona. Ulimwachisha dawa iliyopo juu ya dawa isiyopo." Anageuka. "Nathanaël, kuja hapa karibu na dirisha, inama.")

Iandikwe kwamba ukaguzi wa kitaalamu unaendelea ukumbini, kwa mwaliko wa programu. (Mireille haandiki.) Na ili Ndugu Nathanaël asiende Komanda mikono mitupu, nina furaha kutangaza kwamba programu haikumsahau. Nimeandaa cheti cha ushiriki, kwa kila mjitoleaji, karatasi ngumu, chenye pambo la majani pembeni na saini yangu chini. Mireille, mpe namba saba. Kijana, mwoneshe baba mkwe wako. Kinasema wazi kwamba wewe, Nathanaël, umeshiriki kwa uaminifu katika kulinganishwa. (Nathanaël anakipokea kwa mikono miwili. Anakisoma. Anakigeuza, anaangalia upande wa nyuma, ambao ni mweupe.)

("Mama, huku nyuma kuna nafasi. Uniandikie hapa kwamba haiambukizi. Baba ya Chance anasomaka Kifaransa na Kiswahili, atasoma mwenyewe.")

(Mama Scholastique: "Ni vipele vya wembe, mwanangu, na ngozi iliyojeruhiwa. Haiambukizi mtu. Hiyo ninaandika na jina langu. Kuanzia leo asubuhi na jioni unaosha, unapaka, na Papa Floribert asikuguse shingo. Mpaka posho haitakuwa imepona, lakini itakuwa imekauka." Anaandika, cheti kikiwa juu ya goti lake. "Muhuri uko dispanseri. Twende.")

Mama, nakuomba tu, unapogonga muhuri usiupenyeze wino ukafika upande wa mbele, pale kwenye majani. Na wewe, Nathanaël, utakapofika Komanda, ukitoa karatasi hiyo, anza na upande wangu. (Nathanaël: "Papa, nitaanza na hii ya Mama." Kicheko. Anatoka nyuma ya mwuguzi. Abdoul anasimama, anachukua cheti chake kwa Mireille, anamfuata. Baada yake wa pili, wa sita, kisha mstari mzima.)

Naona wajitoleaji wanaelekea mlangoni kwa utaratibu. Hili si kuondoka. Mireille, andika: Kundi la Pili limehamia katika hatua ya utendaji. Namba saba, mwelekeo mzuri. Andika kwamba nafuu yake ilianzia ndani ya ukumbi huu, wakati wa hotuba, dakika ya arobaini na tano, jambo ambalo hakuna atakayelikanusha kwa sababu waliokuwepo wote wanatoka. Papa Floribert, na wewe pia? (Papa Floribert: "Ninaenda kuondoa lile tangazo juu ya kioo changu, Papa. Bantu banashindwa kujiona.")

Basi nifunge, kwa wale waliobaki na kwa wale wanaonisikia wakiwa njiani. Awamu ya pili itakuwa kubwa kuliko hii. Itafika Komanda, itafika Epulu, ambako nimeambiwa kuna wanyama wenye ngozi nzuri sana inayostahili kufanyiwa utafiti linganishi, itafika kila shimo la dhahabu, na kila mwanaume wa mkoa huu, bila kubagua dini wala kimo cha paji la uso, atakuwa na haki ya kuingizwa katika Kundi la Pili. Unywele mmoja, maendeleo mamoja. Ngozi laini, taifa imara. Duara la leo, msitu wa kesho. Shaba yetu. Shaba yetu. (Injini ya pikipiki inawashwa nje.) Mireille, mwanangu, nisaidie kuitikia, angalau kwa ajili ya raporo. (Mireille: "Papa, niko ninafuta ubao.")

Shukrani, kwa mpangilio wa itifaki. Namshukuru Mwakilishi wa Mwakilishi kwa kiti chake, ambacho kimenisikiliza mpaka mwisho na sasa ndicho peke yake mstari wa mbele. Naishukuru Komite ya Uendeshaji, nami naipokea shukrani hiyo. Nawashukuru wafadhili, ambao tutawatafuta. Nalishukuru Kundi la Kwanza kwa kutolalamika. Naushukuru muhuri wa programu, ambao utachongwa mara programu itakapopewa kibali, kibali ambacho kitaombwa mara nitakapojua kinaombwa wapi. Na mwisho kabisa, kutoka chini ya moyo wangu na chini ya kofia hii, naishukuru peptidi ya shaba yenyewe, ambayo bado sijapata heshima ya kuiona kwa macho, na ambayo kesho asubuhi, Mungu akipenda na karatasi ikipatikana, nitamwandikia barua mtu fulani kumuuliza kama huwa inauzwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. (Makofi ya mtu mmoja. Ni Mireille, anakung'uta vumbi la chaki mikononi.)